Sisi wa kyeyo (Waganda tunaofanya kazi nje) tunapigia kura wapi?

Ndugu mhariri,

Mi niko Dubai mwaka wa sita sasa, viza yangu safi, mkataba nilisaini, siyo kama wale walioingia na viza ya utalii wakapotelea humu (siwalaumu sana, njaa ni njaa). Kila mwezi natuma pesa nyumbani Masaka, Uganda, wadogo zangu wasome, na serikali inatusifu eti watu wa kyeyo tunaleta dola, lakini siku ya kura lazima uwe kwa kituo chako Uganda, vinginevyo basi. Wakenya tunaoishi nao hapa 2022 walichagua rais huku huku! Halafu Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ikazimwa nyumbani, siku kadhaa sijui mama anaendeleaje. Dola zetu mnazitaka, kura zetu je?

Mganda wa kyeyo, Dubai