Ndege ya rimoti imegundishwa vizuri, mbona inaanguka tena?

Malalamiko tunayoyasikia zaidi hapa karakanani kwetu Arusha yanafanana. Ndege iligonga mti, kiwiliwili kikakatika nyuma ya bawa, mwenyewe akakigundisha nyumbani kwa uangalifu mpaka ufa hauonekani. Siku ya kuirusha ikapaa mita chache tu, ikainua pua ghafla, ikayumba, ikalalia bawa moja na kujichimbia ardhini. Safari hii imevunjika vibaya kuliko mara ya kwanza. Mteja anatuletea akiamini kwamba mota imechoka au rimoti ilipoteza mawimbi. Tukiipima, mara nyingi mota ni nzima na mawimbi hayana tatizo. Kilichoiangusha ni gundi.

Si kwamba gundi iliachia. Ilishika barabara. Shida ni uzito wake, na zaidi ya uzito, mahali uzito huo ulipokaa.

Kila ndege, iwe ya abiria kama Cessna Caravan inayopaa uwanja wa Kisongo hapa Arusha kuelekea Serengeti au ya foamu ya kilo moja, ina kitovu cha uzito, yaani pale ambapo ukiiegemeza inakaa sawa bila kuzama pua wala mkia. Kwa ndege nyingi za kujifunzia, kitovu hicho kinatakiwa kiwe kati ya robo na theluthi ya upana wa bawa, ukipima kutoka ukingo wa mbele kwenda nyuma. Bawa likiwa na upana wa sentimita 20, kitovu kiwe sentimita 5 hadi 6.5 kutoka mbele. Kijitabu kilichokuja na ndege hutaja kipimo chake, na kampuni nyingi huweka alama mbili ndogo chini ya bawa. Watu huzipaka rangi wakidhani ni makovu ya kiwandani. Tafadhali zitunze.

Waliosoma somo la nyenzo shule ya msingi watakumbuka mzigo, egemeo na jitihada: kitu chepesi kilicho mbali na egemeo kinaweza kulingana na kizito kilicho karibu. Mkia wa ndege uko mbali. Tuchukue ndege ya gramu 1,000 ambayo mkia wake uko sentimita 65 nyuma ya kitovu. Ukiweka huko gramu 20 za epoksi na kipande cha plaiwudi, kitovu kinarudi nyuma karibu sentimita 1.3. Ni upana wa kidole, lakini nafasi yote unayoruhusiwa kwenye bawa hilo ni sentimita 1.5. Umeimaliza karibu yote kwa ukarabati mmoja. Kama kabla ya ajali kitovu kilikuwa sentimita 6, sasa kiko zaidi ya 7, na ndege hiyo haistahili kupaa.

Sasa jaribu kuirudisha kwenye mizani. Pua iko karibu na kitovu, tuseme sentimita 22. Ili kushindana na zile gramu 20 za mkiani utahitaji karibu gramu 60 za madini ya risasi puani. Gramu 20 zimekuwa 80. Ndege nzito inalazimika kwenda kasi zaidi ili ibaki hewani, inatua kwa kasi zaidi, na ikigonga tena inaumia zaidi. Ndiyo maana tunasisitiza kwamba ukarabati wa mkia ni kazi ya kupunguza, si ya kuongeza.

Hewani hali inakuwa hivi. Kitovu kikiwa mahali pake, upepo ukiisukuma pua juu, mkia unairudisha wenyewe. Kitovu kikirudi nyuma mno, mkia unapoteza uwezo huo. Unagusa kidogo eleveta, kile kibao cha mkiani kinachopandisha na kushusha pua, nayo pua inapanda kupita ulivyotaka. Unaishusha, inazama kupita kiasi. Katika kuhangaika huko ndege inapungua kasi, hewa inaachana na mgongo wa bawa, na bawa halibebi tena. Kwenye kimo cha mita kumi hakuna nafasi ya kuokoa kitu. Warushaji wa siku nyingi husema ndege yenye pua nzito itakusumbua, lakini yenye mkia mzito huruka mara moja tu.

Unaweza kuipima nyumbani bila kifaa chochote. Fanya ndani, pasipo na upepo. Weka betri mahali pake na ufunge kifuniko, kwa sababu betri ya seli tatu ya mAh 2,200 ina uzito wa gramu 170 na ushee, na kupima bila hiyo ni kujidanganya. Weka ncha za vidole viwili chini ya mabawa, kila upande kimoja, kwenye kile kipimo cha kijitabu, kisha inua taratibu. Ndege yenye mabawa chini ya kiwiliwili igeuze kichwa chini ili isipinduke vidoleni. Ikikaa sawa au pua ikiinama kidogo, vizuri. Mkia ukishuka, usirushe. Kabla ya kununua risasi, sogeza betri mbele hata kama itabidi ukate foamu kidogo kupanua chumba chake. Uzito huo tayari unao na hauongezi hata gramu moja.

Kazi yetu inaanzia kwenye mzani. Kila kipande kinapimwa kabla ya kugundishwa na baada, na mteja anaonyeshwa tofauti. Foamu iliyobonyea haihitaji gundi wala kiraka: pua ya foamu aina ya EPO ikimwagiwa maji ya moto, chembe zake hufumuka na sehemu kubwa ya umbo inarudi. Ni ukarabati usio na uzito kabisa, nami naupenda kuliko wote. Wengi hawaujui, wanajaza mashimo kwa epoksi mpaka pua inakuwa jiwe.

Gundi nazo zina mahali pake. Foamu nyeupe ya punje kubwa, kama ile ya kufungashia televisheni, huyeyushwa na supagluu ya kawaida. Unaweka tone moja, unarudi unakuta shimo. Hiyo inataka gundi iliyotengenezwa kwa ajili ya foamu. EPO, ambayo ni laini na inanesa kidogo, inaivumilia supagluu. Epoksi ya dakika tano tunaiweka pale penye mzigo mkubwa: kiti cha mota, miguu ya kutulia, maungio ya bawa. Hatuipeleki mkiani isipokuwa hakuna njia nyingine, na hapo tunapaka utando mwembamba kisha tunafuta ziada kwa kitambaa chenye spiriti kabla haijakauka. Gundi ya bunduki, ile ya vijiti vinavyoyeyushwa kwa umeme, watu wanaipenda kwa sababu inashika haraka, lakini ni nzito na jua kali linailainisha. Ndege iliyoachwa ndani ya gari saa saba mchana inaweza kutoka na mkia uliopinda bila aliyeigusa.

Kwa ndege za balsa, ule mti mwepesi sana, tunakata sehemu iliyovunjika kwa mshazari pande zote mbili badala ya kuunganisha ncha kwa ncha. Mshazari mrefu unaipa gundi eneo kubwa la kushika, kwa hiyo gundi kidogo inatosha na kiungo kinakuwa imara. Baada ya hapo ni msasa, na msasa tena. Bawa la foamu lililokatika tunalichimbia mfereji mwembamba na kulaza ndani yake kijiti cha kaboni. Kaboni ni nyepesi sana kwa nguvu iliyonayo, na bawani iko karibu na kitovu, kwa hiyo mizani haivurugiki sana.

Kuna jambo moja ambalo wateja waangalifu ndio hulikosea. Ukiitazama mota ya ndege nyingi kutoka juu utaona imeelekea kulia kidogo, na kutoka ubavuni imeinama chini kidogo, nyuzi moja au mbili hivi, wakati mwingine tatu. Haikupinda kwa ajali. Imewekwa hivyo makusudi ili kuzuia ndege isivutwe kushoto na isiinue pua unapoongeza nguvu. Mtu anatengeneza pua, anaona mota imekaa upande, anainyoosha iwe sawasawa na kiwiliwili, kisha anashangaa ndege inakimbilia kushoto kila anapopaa. Ikiwa kiti cha mota kimevunjika, tupigie picha kabla ya kukigusa.

Servo, yaani vile vimota vidogo vinavyosogeza vibao vya bawani na mkiani, nazo zichunguzwe zikipata mshtuko. Meno yake ya plastiki huvunjika moja au mawili tu, na servo inaendelea kufanya kazi mpaka itakapofika kwenye jino lililokosekana. Zima umeme, zungusha mkono wake taratibu kwa vidole. Ukihisi inaruka mahali fulani, ibadilishe. Servo ndogo ya gramu 9 ni ya bei rahisi mno ukilinganisha na ndege nzima. Na kila waya ukichomolewa na kurudishwa, simama nyuma ya ndege ujaribu: ukisukuma kijiti cha rimoti kulia, aileroni (kibao cha ukingo wa nyuma wa bawa) ya kulia ipande na ya kushoto ishuke, ukivuta kijiti kwako, eleveta ipande. Mpangilio uliogeuka hauonekani ndege ikiwa mezani imetulia.

Wateja wanaohamia huku kutoka Dar es Salaam wanahitaji neno lao. Arusha iko juu. Uwanja wa ndege wa Kisongo uko karibu mita 1,390 kutoka usawa wa bahari. Siku ya kawaida hewa ya hapa ni pungufu kuliko ya Dar kwa karibu sehemu moja ya nane. Bawa lile lile linahitaji kasi ya asilimia 7 hivi zaidi ili libebe uzito ule ule, na propela inapata hewa pungufu ya kusukuma. Kwa hiyo ndege iliyoongezwa gramu 80 ambayo pwani ingejikongoja na kurudi salama, hapa haina akiba hiyo. Propela yenye kipenyo kikubwa zaidi husaidia, ila kwanza tunapima umeme inaovuta ili isiunguze kidhibiti cha mota, kile warushaji wanachokiita ESC.

Mambo ya redio yamebadilika kiasi cha kutotambulika. Walter na William Good walipoirusha Guff yao huko Michigan, Marekani, mwaka 1937, miongoni mwa ndege za kwanza kabisa za mfano kuongozwa kwa redio, walibeba redio ya vali, yaani taa za kioo za redio za zamani, na betri zake nzito. Ndege hiyo imehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian. Leo risiva ya 2.4 GHz, yaani kipokezi cha mawimbi ya rimoti, ina uzito wa gramu chache na inaweza kukuambia hali ya betri angani. Hesabu ya mkia na pua ni ile ile waliyopiga wao.

Betri ya lithiamu iliyovimba, kubonyea au kutobolewa katika ajali hatuitengenezi, na tunakuomba usiichaji. Inaweza kushika moto saa kadhaa baada ya kugonga. Iweke nje kwenye ndoo ya mchanga, mbali na nyumba. Zilizo nzima zihifadhi zikiwa na volti 3.8 kwa kila seli, si 4.2 za kujaa, na usiondoke nyumbani ukiwa umeziacha kwenye chaja.

Ndege iliyotoka matengenezo irushwe asubuhi kabla ya saa tatu, upepo ukiwa bado mdogo, kwenye uwanja mpana wenye nyasi, mbali na watu, nyaya na njia ya ndege za abiria. Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, ndiyo inayosimamia vyombo vya kuruka visivyo na rubani. Waulize kuhusu eneo lako kabla, hasa ukiwa upande wa Kisongo. Jaribu umbali wa rimoti chini kwanza. Ukishapaa, panda juu vya kutosha, kisha punguza nguvu taratibu uone pua inafanya nini. Ikiinama polepole na ndege ikajichukulia kasi yenyewe, mizani iko sawa. Ikianguka upande mmoja bila onyo, tua, usogeze betri mbele.

Kuna ndege tunazozikataa. Bawa likiwa limekatika mara tatu, gundi na kaboni vitalifanya liwe zito kuliko bawa jipya, hata kama mkono wa fundi ni mzuri. Tunajua vipuri vinaagizwa nje na vinachelewa, na mtoto anasubiri kwa hamu. Hata hivyo tutakwambia ukweli kabla ya kupokea hela yako, na kupima ndege kuona kama inafaa hatutozi.

Ukija, leta ndege pamoja na betri unayoitumia, rimoti na kijitabu chake kama bado kipo. Leta na vipande vyote, hata vile vidogo kama kucha ulivyookota kwenye majani, kwenye mfuko mmoja, bila kuvigundisha. Kipande cha asili kina uzito na umbo lile lile la kiwandani, na kila kinachopatikana kinatupunguzia gundi.