Msitutumie skrinshoti, tuingizeni kwa faili

Mhariri,

Mimi ni developa wa apu za simu hapa Nairobi, ofisi yetu iko Ngong Road, na naandika manake kuna kitu kinatupotezea muda na pesa na sioni kikiongelewa. Dizaina anachora apu vizuri kabisa ndani ya Figma, ile programu ya kuchorea skrini za apu, halafu sisi wa kuiunda tunaletewa picha kwa WhatsApp. Picha tu.

Mwaka jana tulikuwa na apu ya sacco moja. Dizaina alichora kwa skrini ya upana wa 360, vile wengi huchora za Android, lakini picha aliitoa ikiwa imekuzwa mara 3, kwa hivyo nafasi ya 16 kati ya kadi na kadi ikawa pikseli 48. Nikapima, nikaona 48, nikaandika 48 badala ya 16. Rangi nayo, WhatsApp ilikuwa imeshaibana picha, ile kijani nilichota haikuwa ya sacco, ilikuwa jirani yake. Siku ya kumwonyesha mteja kila kitu kimetawanyika, dizaina ananiangalia kama mtu ameharibu kazi yake makusudi, mimi nami nimemkasirikia mbona hakuniambia, na kusema kweli kila mtu alikuwa amefanya kazi yake, tulikosa tu mahali pamoja pa kuangalia. Tulirudia kwa wiki 2.

Na mahali penyewe papo. Tangu 2023 Figma ina Dev Mode, sehemu ya developa, ukigusa kitufe kwenye mchoro unaona vipimo, rangi na jina lake, hata vipande vya msimbo wa wavuti, Android au iOS. Shida 2024 ikawa ya kulipia, na mabosi wengi hapa wanamlipia dizaina, wakifika kwa developa wanasema huyo atajipanga. Nawaomba wapige hesabu ya mshahara wa hizo wiki 2 kwanza. Kama dola ni ngumu, Penpot ipo, programu ya kuchora kama Figma, ni ya bure, msimbo wake uko wazi, mnaweza hata kuiweka kwa seva yenu, na developa anakagua vipimo bila kulipa chochote.

Kuna jambo linaniuma zaidi. Apu zetu huchorwa kwa Kiingereza, Kiswahili kinaingizwa mwisho kabisa wakati kila kitu kimeshapimwa. "Next" ina herufi 4, "Endelea" ina 7, na "Statement" ikigeuka "Taarifa ya akaunti" inakatika, mama anafungua apu kule Kawangware anasoma "Taarifa ya aka" na nukta tatu. Halafu watu wanasema ati Kiswahili hakiwezi teknolojia! Kiswahili hakijakosea, ni kitufe kilichorwa kikiwa na upana uliofungwa. Figma imekuwa na auto layout tangu 2019, kitufe kinapanuka kufuata maneno, na Penpot pia ina namna yake ya kufanya hivyo, ila developa lazima aingie ndani ya faili aone kimepangwaje, kwa sababu kwenye picha kitufe kinachopanuka na kisichopanuka vinafanana kabisa.

Lakini hata ndani ya faili lazima watu waongee, manake programu itakuonyesha kilichochorwa, ile skrini ambayo hakuna mtu aliifikiria haitakuonyesha. Mwezi huu tumeanza kazi ya chama kimoja cha akina mama, nikaomba kuingizwa kwa faili siku ya kwanza, kabla hata rangi hazijaamuliwa. Nikaacha swali moja pale kando ya mchoro: mama akiishiwa na bando katikati ya kutuma mchango, anaona nini? Dizaina hakuwa ameichora. Kufikia jioni ilikuwa ndani, na maandishi yake yalikuwa ya Kiswahili.

Msomaji wenu,
Ngong Road, Nairobi