Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Jengo la Duka, Mikindani

Ndugu wanachama na wazee wetu, assalaam aleikum.

Mwaka jana niliwaahidi rangi. Mwaka huu nimekuja bila rangi, na sababu yake ni ukuta.

Mvua zilipokwisha tulifungua duka la chini tukakuta lipu ya saruji imevimba na kubanduka mapande mapande. Nyuma yake palikuwa pabichi, chumvi nyeupe imetanda. Fundi simlaumu. Sisi kamati, nami nikiwa mbele, ndio tuliomwagiza saruji. Ukuta huu ni wa mawe ya matumbawe na chokaa: hunywa maji kutoka ardhini, kisha huyatoa taratibu kwa kukauka. Ukiufunika kwa saruji, maji hukosa pa kutokea na chumvi hubaki ndani ikilila jiwe. Tumeibandua lipu yote ya upande wa bahari na kurudi kwenye chokaa. Ni kazi ya subira. Chokaa huzimwa kwa maji, ikalazwa, ikapigwa tabaka jembamba, kisha ikafunikwa magunia mabichi ili upepo wa kusi usiikaushe kwa pupa. Mzee mmoja miongoni mwenu, aliyefundishwa na baba yake kuchoma chokaa, alisimama na vijana kila asubuhi. Bila yeye tungekwama, na namshukuru mbele yenu nyote.

Baadhi ya vijana walitaka tuvunje ukuta wa kati tupate ukumbi mpana. Nilikataa. Vyumba vyetu ni vyembamba kwa sababu upana wake uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko, na ukuta huo ndio unaobeba boriti za pande zote mbili.

Wengine wameniuliza kwa nini tuhangaike na duka, ilhali Boma la Wajerumani la mwaka 1895 limekwisha kukarabatiwa, nao wageni wanalala humo. Boma ni nyumba ya waliotutawala. Mji uliishi madukani. Hapa zilipita pembe za ndovu, mpira na sandarusi, yaani utomvu mgumu wa miti, kutoka bara, na walipita pia watu waliouzwa kama bidhaa. Hilo liandikwe wazi kwenye kibao tutakachoweka. Baada ya 1947, mpango wa Waingereza wa kulima karanga kwa wingi ulileta bandari ya kina kirefu Mtwara, kilomita kama 10 tu kutoka hapa, na wafanyabiashara wakaifuata. Naamini umaskini uliofuata ndio uliotuhifadhia nyumba hizi, maana wenye fedha za kuzivunja na kujenga mpya walikuwa wameshaondoka.

Kuhusu mlango wa nakshi: mnunuzi aliwajia warithi na fedha mkononi, wakamrudisha. Mlango upo, na komeo lake la zamani lingali linafunga.

Hesabu atazisoma mweka hazina. Ombi langu ni kwamba fedha zilizobaki zote ziende kwenye paa na mifereji yake kabla ya mvua za Desemba, hata kama mbele ya jengo patabaki bila kupendeza. Na paa likikamilika, ghorofa ya chini ipangishwe kwa mtu wa hapa auze unga, mafuta na sukari. Sitaki ifungwe ikawa ya kutazamwa tu.

Mambo hayo mawili nayaweka mbele yenu leo myapigie kura.