Barua ya wazi kwa mpwa wangu anayetaka kwenda kutafuta dhahabu

Mpwa wangu,

Assalaam aleikum. Ujumbe wako nimeusoma. Unataka kuuza tuktuk, ununue ditekta, ile mashine ya kutafutia metali ardhini, upande basi la Migori ukatafute punje za dhahabu. Mamako amenipigia simu kunisihi nikukataze. Sikukatazi. Kazi hii naipenda kwa moyo wote, na wapo watu ninaowajua waliosomesha watoto kwayo. Ila yapo mambo ambayo muuzaji wa mashine hakwambii, na kwa kuwa vijana wengi wa Likoni na Kisauni huja kwenye meza yangu ya ufundi hapa Mwembe Tayari na maswali yaleyale yako, nimeona nikuandikie hadharani, nao wapate kusoma.

Ditekta haijui dhahabu. Inajua metali, basi. Ndani ya kile kisahani cha chini mna koili, yaani waya uliozungushwa. Umeme unaobadilikabadilika ukipita ndani yake, huzaa uga wa sumaku unaoingia ardhini. Uga huo ukikuta metali, huamsha ndani ya ile metali mkondo mdogo wa umeme, na mkondo huo nao huzaa uga wake dhaifu, ambao mashine huupokea na kuugeuza sauti. Shaba, risasi ile laini ya chubwi za wavuvi, karatasi ya aluminiamu iliyotoka kwenye pakiti ya sigara, pete ya dhahabu: vyote hulia. Chuma mashine nyingi zinaweza kukitenga, kwa kuwa chuma kina tabia yake mbele ya sumaku. Lakini kipande cha risasi na kipande cha dhahabu cha ukubwa uleule, hakuna mashine itakayokutenganishia kwa uhakika. Utachimba ndipo ujue.

Sasa hapa ndipo nataka utulie unisikilize. Ule mkondo mdogo unahitaji kipande kizima cha kuzunguka ndani yake. Dhahabu iliyo vumbi haina kipande. Jiwe linaweza kubeba dhahabu ya kutosha kuwalipa watu waliolichimba, na ditekta ikapita juu yake ikanyamaza kimya. Na sehemu kubwa ya dhahabu ya Migori ndiyo hiyo: iko laini ndani ya mishipa ya jiwe jeupe la kwatzi. Ndiyo maana watu wa Macalder, kulekule Migori, huteremka mashimoni, hupandisha mawe, huyasaga, huyaosha, kisha hutumia zebaki kuikusanya ile dhahabu laini. Hiyo ni kazi nyingine kabisa, ina hatari zake, na mashine unayotaka kununua haina msaada mkubwa ndani yake.

Kwa hiyo ukifika mahali, usiishie kuuliza kama kuna dhahabu. Uliza dhahabu ya pale ina ukubwa gani. Nenda kwa wanaoosha mchanga kwenye karai, waombe wakuonyeshe wanachopata. Wakikuonyesha unga tu, washukuru uendelee na safari yako. Wakikuonyesha punje ya ukubwa wa mchele, vua viatu, kaa chini, uliza ilitoka upande gani wa kilima.

Punje hupatikana pale ambapo mshipa wa kwatzi ulivunjika wenyewe kwa jua na mvua ya miaka isiyohesabika, mawe mepesi yakasombwa, dhahabu nzito ikabaki karibu. Ndiyo maana kuna nchi ambazo ditekta imewatajirisha watu na nyingine imewachosha tu. Mwaka 1980, karibu na Kingower katika jimbo la Victoria, Australia, mtu aitwaye Kevin Hillier alipita na ditekta yake mahali ambapo watu walishatafuta dhahabu karne iliyotangulia, akatoa bonge la kilo 27 na ushei. Lilikuwa karibu na uso wa ardhi. Sudan nako watu wamezoa punje jangwani kwa mashine hizihizi. Karibu nasi zaidi kuna Chunya, Tanzania, kule Lupa, ambako dhahabu ya mitoni iliwavuta watu tangu miaka ya 1920. Hata Kakamega, mbio za dhahabu zilizoanza mwaka 1931 zilianzia mitoni kabla watu hawajaenda chini kwenye miamba. Kwa hiyo sisemi magharibi mwa Kenya hakuna punje. Nasema si kila penye dhahabu pana kazi ya ditekta.

Na hapa kwetu Mombasa, ili nikuondolee uvumi: hapana. Tumekaa juu ya matumbawe, yaani mifupa ya bahari. Madini ya Pwani yapo, Kwale wamechimba titani miaka kadhaa hadi mwisho wa 2024, Kinangoni kulikuwa na mgodi wa risasi, Taita kuna vito. Dhahabu ya kuzaliwa ardhini haitoki kwenye tumbawe. Anayekwambia kuna dhahabu ya Mreno chini ya nyumba ya fulani Mji wa Kale anataka pesa ya kafara.

Hata hivyo Mombasa ndiko ninakotaka ujifunzie, na sababu ninayo.

Binti mmoja aliyekuwa ameolewa karibuni alioga Nyali, pete ikamtoka majini. Mumewe aliletwa kwangu na jirani. Nilimuuliza maji yalikuwa yamejaa kiasi gani walipokuwa wakioga, walisimama wapi wakitazama jengo gani, kisha tukangoja bamvua, maji yapwe hadi mbali. Mchanga wenye maji ya chumvi hupitisha umeme, kwa hiyo mashine nyingi huvuma ovyo juu yake. Nilipunguza nguvu ya mashine na kutembea taratibu sana. Mlio uliokuja haukuwa mkubwa. Ulikuwa badiliko dogo ndani ya ule mvumo, na mtu mwenye haraka angelipita. Nilichota, nikapata kifuniko cha soda. Nikachota penginepo, ndoano. Pete ilikuwa chini zaidi ya nilivyodhani, imelala juu ya tabaka gumu la makombe na vipande vya tumbawe, imezama kwenye mchanga wote laini hadi ilipokataliwa na kitu kigumu.

Hilo la kuzama lishike sana. Dhahabu halisi ina uzito mara 19.3 wa maji ya ujazo uleule. Mchanga wa kawaida ni mara 2.65 hivi. Kila wimbi likitikisa mchanga, pete hushuka kidogo, na haiwezi tena kupanda. Mtoni ni vivyo hivyo: mafuriko hutikisa changarawe, punje hushuka mpaka ikutane na mwamba wenyewe, hapo hujificha kwenye nyufa. Aliyetafuta pete ufuoni kwa subira, akajua iliangukia wapi na ikaishia wapi, ameshaanza kuelewa mto wenye dhahabu. Kwenye kilima utafuata mteremko chini ya mshipa. Mtoni utatafuta upande wa ndani wa kona, maji yanapopunguza mbio, na nyufa za mwamba ulio wazi. Lundo la mawe ya wachimbaji wa zamani nalo usilidharau, kwa kuwa wao walitafuta kwa macho.

Basi mazoezi. Nunua risasi ya mvuvi, chubwi ndogo kabisa. Ikate vipande: kimoja cha ukubwa wa harage, kimoja cha mchele, kimoja cha kichwa cha pini. Risasi nimeichagua kwa sababu mlio wake uko karibu sana na wa dhahabu. Vizike uani kwenu kwa vina mbalimbali, weka alama, kisha pita na mashine yangu ya zamani ambayo nitakuazima. Koili ikae karibu na ardhi, isiinuke mwishoni mwa kila mzunguko wa mkono, na kila pito lipande kidogo juu ya pito lililotangulia. Vaa hedifoni. Simu iache ndani, na mkanda wenye bizimu na viatu vya chuma puani pia. Utashangaa: kile cha mchele utakisikia kwa vidole vichache tu vya kina, na kile cha pini huenda usikisikie kabisa. Watu huniambia mashine fulani inaona mita 3 chini. Labda ikikuta gari. Punje ndogo ni ya juu juu, na anayeipata ni yule aliyesikiliza.

Masikio ndiyo yanayonichukua muda mrefu zaidi kumfundisha mtu. Mashine ikitulia hutoa mvumo mwembamba kama wa friji usiku. Punje haipigi kelele. Mvumo hupanda kidogo tu, ukashuka. Ukisikia hivyo, futa udongo wa juu kwa mguu, pita tena. Mlio ukikaa palepale na kupata nguvu, chimba. Ukipotea, lilikuwa jiwe au udongo wenye chuma. Migori ina miamba ya chuma na udongo mwekundu, itakudanganya mara nyingi mno, kwa hiyo kabla ya kuanza, na kila ardhi inapobadilika, shusha na pandisha koili huku ukiisawazisha mashine mpaka ardhi inyamaze.

Mashine zenyewe nitazisema kwa kifupi, maana najua ndizo unazoziwaza usiku. Kuna zinazotetemesha uga wake mfululizo, na zile za dhahabu hufanya hivyo kwa kasi kubwa: Gold Bug 2 ya Fisher mara 71,000 kwa sekunde, Gold Monster 1000 ya Minelab mara 45,000. Kasi hiyo husaidia kusikia vidogo, lakini udongo wenye chuma kingi huzisumbua. Nyingine, kama GPX 6000 ya Minelab, hupiga pigo fupi la umeme, hunyamaza, kisha husikiliza kilichobaki kwenye metali. Hizi huvumilia ardhi chafu na hufika chini zaidi, na bei yake ni maelfu ya dola. Tuktuk yako haiifikii. Na pale ambapo bei imepungua ghafla, jihadhari: mashine bandia zenye majina ya Minelab zimesambaa Afrika nzima. Uliza nambari yake kwa kampuni yenyewe kabla ya kutoa hata shilingi.

Zile fimbo mbili zinazodaiwa kuelekea zenyewe ilipo dhahabu kilomita nzima mbali, usiziguse. Mwingereza James McCormick aliuza kifaa cha aina hiyo kwa majeshi, eti kinanusa mabomu. Ndani hamkuwa na kitu kinachofanya kazi. Mwaka 2013 alihukumiwa kifungo cha miaka 10. Watu walikufa wakikiamini. Inaniuma kila nikiona fimbo hizo zikiuzwa kwa kijana aliyeweka akiba miaka.

Ukifanya mazoezi nje ya ua wetu, penye alama za kiota cha kasa pita mbali, na Fort Jesus, Jumba la Mtwana, Gedi, Mnarani usipeleke mashine hata kwa kuchungulia. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inazilinda, na hata isingezilinda, sarafu ikitolewa mahali pake bila mtaalamu inabaki kipande cha shaba. Ilipolala ndipo inapotueleza waliokuwa wakiishi pale.

Sasa safari. Katiba, kifungu cha 62, inaweka madini yote mikononi mwa umma, hata yakiwa chini ya shamba la mtu. Sheria ya Madini ya 2016 ndiyo inayotoa kibali cha mchimbaji mdogo, nacho ni cha Mkenya peke yake. Biashara ya madini ina leseni yake mbali, kwa hiyo utakachopata muuzie mwenye leseni, tena ukiwa umeshakipima mwenyewe: kikavu kwanza, kisha kikiwa kimening'inia majini, ugawe uzito wa kwanza kwa tofauti kati yake na wa pili. Dhahabu ya mwituni huchanganyika na fedha kidogo, haitafika 19 kamili, lakini ukipata 5 ni jiwe la kung'aa tu.

Mwenye shamba umwombe kwanza, kwa heshima, na mtaje fungu lake kabla hujawasha mashine. Mwaka 1932 serikali ya kikoloni ilibadili sheria ya ardhi ili watu wa Kakamega waondolewe penye dhahabu bila kupewa ardhi nyingine mahali pake. Ukijua hilo utaelewa kwa nini mgeni mwenye mashine hutazamwa mara mbili. Kila shimo lifukie kabla hujafungua linalofuata. Mbuzi na watoto hupita hapo. Na shimo refu la mtu mwingine usiingie hata ukiitwa. Mei 2024 ukuta wa mgodi wa Hillo, Marsabit, uliporomoka ukaua watu. Heri ya kazi yetu ni kwamba inamweka mtu juani.

Mara ya kwanza nenda bila mashine. Kaa wiki kadhaa, tazama, uliza ukubwa, zungumza na ofisi ya madini ya kaunti, lete mchanga kidogo kwenye chupa tuuangalie pamoja. Nauli ya kwenda na kurudi nitalipa mimi, na mamako nimeshamwambia.

Mjombako,
Mwembe Tayari