Barua ya wazi kwa mpwa wangu: ami yako si kigeugeu

Mpwa wangu,

Assalaam alaykum warahmatullah. Baada ya salamu, nimeusoma ujumbe wako mrefu kuhusu ami yako, na lililonikaa moyoni ni lile jina ulilompa: kigeugeu. Unasema kwamba mtu aliyekuwa mpinzani wa damu tangu vyama vingi viliporudi mwaka 1992, akaja kuipigania serikali ya umoja wa kitaifa ya Zanzibar, ile iliyoweka pamoja chama tawala na upinzani, kisha baada ya mwaka 2016 akaipa mgongo, hana anachokiamini. Nakujibu hadharani kwa sababu si wewe peke yako unayewahukumu wazee wa Pemba namna hiyo, na naona hukumu hiyo inawadhulumu.

Hakuna anayejichagulia pa kuanzia kuitazama dunia. Kabla mtoto hajajua kuuliza, ameshapewa majibu chuoni anakosoma Kurani, jikoni kwa mama yake na barazani kwa wazee, naye huyachukua yote kuwa ndiyo dunia yenyewe. Kisha huja ujana, na hapa nakubaliana na mwanasosholojia Karl Mannheim, aliyeandika mwaka 1928 kwamba mambo yanayomkuta mtu akiwa kijana huacha alama nzito katika fikra zake, na ya baadaye huyapima kwa hayo. Sisi hatuna haja ya kwenda mbali kulithibitisha hilo. Kijana wa Unguja ambaye wazazi wake walipewa eka tatu baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, naye akaingia skuli bila ya ada, alijengeka namna moja. Wa rika lake huku Pemba, aliyewaona watu wazima wakichapwa bakora hadharani, alijengeka namna nyengine. Wakikaa pamoja leo watabishana mpaka usiku, na wote wawili watakuwa wanasema kweli, kwa kuwa kila mmoja anasimulia aliyoyashuhudia.

Ujana wa ami yako uliangukia miaka ya tisini, wakati watu wa kijiji kimoja waliposusiana maduka, harusi na hata mazishi kwa ajili ya chama. Halafu ikaja Januari 2001, waandamanaji wakapigwa risasi, na zaidi ya watu 2,000 wakavuka bahari kwenda Shimoni, Kenya. Aliyepitia hayo hahitaji kufundishwa kutoiamini serikali.

Basi alibadilika vipi? Wengi hutaja siku ya Novemba 2009 ambapo Maalim Seif Sharif Hamad, kiongozi wa chama cha upinzani cha CUF, na Rais wa Zanzibar Amani Abeid Karume walikutana Ikulu, na kura ya maoni ya Julai 31, 2010, iliyopitisha umoja kwa zaidi ya asilimia 66. Hayo yalifungua njia, lakini naamini kilichomgeuza hasa ni kwamba watu walianza tena kuzikana. Ni vigumu kuendelea kumwona mtu adui ilhali mmeshika jeneza moja. Hoja peke yake, hata ikiwa nzuri namna gani, mara chache humtoa mtu mzima katika imani yake. Kuishi na watu kwa namna mpya ndiko kunakomtoa, naye huzitafuta hoja baadaye.

Tarehe 28 Oktoba 2015 uchaguzi wa Zanzibar ukafutwa, na Machi 2016 ukarudiwa bila ya chama chake kushiriki. Wewe unaona kwamba hapo alirudi nyuma. Mimi naona kwamba macho yaleyale yaliyoona sababu ya kuamini yaliona sababu ya kuacha kuamini. Mabadiliko ya fikra hayaendi upande mmoja tu, wala si kila badiliko ni kukomaa. La kupima ni sababu iliyomsukuma mtu. Angebadilika kwa kufuata cheo ningekuwa pamoja nawe, lakini wewe mwenyewe unajua kwamba hakupewa chochote mwaka 2010, na hakuwa na cha kunyang'anywa mwaka 2016.

Tena sisi ni wafuasi wa Imamu Shafi. Alipohama Iraki kwenda Misri, ambako alifariki mwaka 820, aliyapitia upya mengi aliyoyatolea rai, na wanazuoni wake wakahifadhi kauli ya kale na kauli mpya, tena yapo masuala machache ambayo waliokuja baadaye waliiona ile ya kale kuwa na nguvu zaidi. Hatujapata kumvunjia heshima kwa hilo. Tunayasoma yote mawili na kuuliza alitegemea dalili gani.

Ukija Wete wakati wa kuchuma karafuu, kaa na ami yako kabla hujaenda kwa rafiki zako. Usimuulize yuko chama gani sasa. Muulize alikuwa wapi Januari ile ya 2001, nani alikuwa wa kwanza kumwalika mazikoni baada ya 2009, na alisikia nini siku uchaguzi ulipofutwa. Kisha niandikie, kama bado utaona jina lile linamfaa.

Mjomba wako