Si kila ayoni inayosogea inatoa umeme

Mhariri,

Makala yenu kuhusu seli za fueli, vifaa vinavyotoa umeme kwa kuunganisha haidrojeni na oksijeni, ilisifu elektroliti (tabaka la kati linalopitisha ayoni, yaani chembe zenye chaji) za mchanganyiko, yaani kauri ya seria iliyotiwa chumvi za kaboneti, kwa kuwa upitishaji wake hufika simensi 0.1 kwa sentimita karibu na nyuzi 600, ilhali zirkonia yenye itria, kauri iliyozoeleka, huhitaji takriban nyuzi 1,000. Tarakimu yenyewe haina ubaya. Ubaya uko katika kuisoma.

Kipimo hicho kwa kawaida huchukuliwa kwa mkondo geu, yaani umeme unaobadili mwelekeo kila mara. Ayoni hutikiswa huku na huku, na kila inayotikisika huhesabiwa: oksijeni, kaboneti, hata lithiamu na sodiamu. Seli ikitoa umeme, mkondo huenda upande mmoja tu. Lithiamu na sodiamu hazina pa kuingilia wala pa kutokea kwenye elektrodi, basi hurundikana kama abiria wa Likoni feri ikiwa haijashusha mlango. Mzigo unabaki kwa oksijeni, kaboneti na protoni. Kujua ni ipi inayobeba, angalieni maji yanatokea wapi haidrojeni ikilishwa: yakitokea anodi (elektrodi ya upande wa haidrojeni), ni oksijeni au kaboneti, yakitokea kathodi (ya upande wa hewa), ni protoni. Kabonidioksaidi iliyotiwa kathodi ikiibukia anodi, kaboneti imevuka.

Kwa wanaotaka kujaribu hapa Mombasa, gramu 10 za mchanganyiko huo ni gramu 7 za seria yenye samariamu, 1.29 za kaboneti ya lithiamu na 1.71 za kaboneti ya sodiamu. Hizo chumvi mbili ziko kwa uwiano wa moli (hesabu ya chembe, si uzito) 52 kwa 48, unaoyeyuka karibu na nyuzi 500, na hapo upitishaji hupanda ghafla. Uwiano ukikosewa, mruko huo hutambaa badala ya kuruka. Magadi ya kulainishia maharagwe, hata yawe meupe pe, hayafai: yana baikaboneti, maji, chumvi ya kawaida na floridi, na mizani haitawaambia. Hata kaboneti safi ya sodiamu hunyonya unyevu wa pwani hii ikiwa wazi. Ikausheni kwa nyuzi 200 usiku kucha, ipoe ndani ya chombo kilichofungwa chenye silika ya kunyonya unyevu, ndipo ipimwe. Potasiamu ni mbaya zaidi kwa unyevu, bora muiache.

Sageni, chomeni kwa nyuzi 680 kwa dakika 40, sageni tena, gandamizeni kidonge cha kipenyo cha milimita 13, mpake madini ya fedha pande zote mbili yawe elektrodi.

Sasa hesabu inayowaponza wengi. Kidonge cha unene wa milimita 1 chenye upitishaji wa 0.1 kina ukinzani wa om 0.75 tu. Nyaya za kuingia tanurini zikiwa na nusu om, mtasoma 1.25 na kutangaza 0.06. Gusanisheni nyaya bila kidonge, kwa joto lile lile, mpime, kisha mtoe om hizo kwenye kipimo cha kidonge.

Halafu kuna muda, ambao makala haikuugusa kabisa. Kathodi isipopewa kabonidioksaidi, chumvi huvunjika polepole. Mvuke wa maji nao huigeuza haidroksidi inayopeperuka. Chumvi iliyoyeyuka hutambaa hadi kwenye vishikizo vya chuma cha pua na kuvila, ikiacha rangi ya manjano ya kromati. Pimeni uzito wa kidonge kabla na baada ya saa 100: gramu zilizopungua ni chumvi iliyotoroka.

Msomaji wenu,
Tudor, Mombasa