Kabla hujalipa hiyo tochi

Goma, Jumapili jioni

Mama Amani, jambo sana.

Ujumbe wako nimeupata pamoja na picha tatu za tochi, ukiuliza ununue ipi. Hapa hatujambo, umeme tu ndio umekwenda, kwa hiyo umeuliza wakati wake. Nakupa jibu kwanza, sababu zifuate: kama unataka ya kukaa mfukoni kila siku, kwa zamu ya usiku na kwa zile ngazi za Kadutu huko Bukavu mvua ikinyesha, chukua ile fupi ya alumini iliyoandikwa "AA/14500", yaani inakubali betri ya kawaida ya AA au ile ya lithiamu iitwayo 14500. Ya plastiki yenye miguu ya kuchomeka ukutani iache. Na ile ya "9900 mAh" usiipokee hata kwa zawadi.

Namba hiyo ya mAh, yaani kiasi cha chaji betri inachobeba, ndiyo inayoiumbua. Ndani mna betri ya 18650, na jina lenyewe ni kipimo: milimita 18 upana, 65 urefu, sifuri ya mwisho kuonyesha kwamba ni ya mviringo. Kopo la ukubwa huo, betri ikiwa nzuri, hubeba 3000 hadi 3500 mAh. Hiyo 9900 haina pa kukaa. Muuzaji akikubali, itoe uiweke kwenye mizani: ya kweli ina gramu 45 hadi 48 hivi. Ikisoma 30, humo mna betri ndogo iliyovalishwa koti la kaka yake. Tena hasara si mwanga mchache peke yake. Betri ya lithiamu isiyojulikana ilikotoka ikipata joto au ikigusana ncha kwa ncha inaweza kushika moto, na wewe umeiweka kwenye mfuko wa koti la kazi.

Ya plastiki nayo ina betri ya risasi na asidi ya volti 4, mdogo wake na betri ya gari. Taa zake za LED ni nzima, tatizo ni kwamba betri ya namna hiyo haivumilii kukaa tupu. Ikiisha ukaiacha wiki kadhaa, sulfati ya risasi inaganda kwenye vibamba vyake na chaji haiingii tena. Kwa nyumba za kwetu, ambako umeme unaondoka bila kuaga, ndiyo maana kila kabati lina moja iliyokufa juu yake.

Sasa tuje kwa hiyo ndogo. Ukiwa nayo mkononi, karatasi yake usiisome kama muuzaji anavyotaka uisome. Fanya hesabu. Chukua mAh za betri, zidisha kwa volti, gawa kwa 1000, unapata wati-saa. Betri ya 14500 yenye 900 mAh na volti 3.7 ina kama wati-saa 3.3. Tochi iliyotengenezwa vizuri hutoa lumeni (kipimo cha mwanga wote unaotoka) kama 100 kwa kila wati, kwa hiyo una lumeni 330 za kutumia kwa saa moja, au 33 kwa saa kumi, au mgawo wowote upendao katikati. Hakuna ujanja wa kuzidisha hapo. Karatasi ikikuambia lumeni 800 kwa saa 3, hiyo ni 2400, na wewe unazo 330 tu.

Lakini anayeandika hivyo si lazima awe mwongo. Kuna kanuni ya Marekani iitwayo FL 1, iliyotoka mwaka 2009, ambayo viwanda vingi huifuata. Inasema mwanga upimwe kati ya sekunde 30 na dakika 2 baada ya kuwasha, na muda uhesabiwe mpaka mwanga ushuke kufikia asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Umeona mlango ulioachwa wazi? Tochi inaweza kuwaka 800 kwa dakika 3, ikashuka hadi kama 100, ikaendelea na hiyo 100 kwa karibu saa 3, na karatasi ikawa imesema kweli. Kushuka kwenyewe si ubovu. Kitu cha ukubwa wa kidole gumba kinachokula wati 8 kinachemka upesi, na isiyoshuka ingekuunguza.

Kwa hiyo ile namba kubwa ya mbele mimi siiangalii sana. Tochi ya mfukoni naipima kutoka chini kwenda juu. Ngazi ya chini kabisa iwe lumeni 1 au pungufu, ili uweze kusoma faili au kutazama dripu bila kuamsha wodi nzima. Ya pili iwe 30 hadi 60, hiyo ndiyo ya kushuka ngazi na kupita kwenye tope. Ya tatu kama 200, ya barabarani. Juu ya hapo ni za kumshtua mbwa. (Huku kwetu tunaongeza kidogo: ardhi ya Goma ni mawe meusi ya volkano, na jiwe jeusi linameza mwanga. Lumeni 50 zinazotosha juu ya udongo wenu mwekundu, hapa zinakufanya utembee kwa kupapasa.)

Uzuri wa "AA/14500" ni kwamba hukwami. Ukiwa na 14500 unapata nguvu yote. Ikiisha, AA ya duka lolote inaingia, mwanga unakuwa mdogo zaidi lakini upo. Bora kuliko zote kwa matumizi ya kila siku ni AA za kuchaji za NiMH, volti 1.2 na kama 2000 mAh: ni nadra kuvuja na hazina hatari ya lithiamu. AA za kawaida za alkalini ziwe za dharura tu, zisilale ndani ya tochi miezi, maana zikizeeka zinatoa maji ya potasi yanayokula springi. Ukikuta unga mweupe pale, chovya kijiti cha pamba kwenye siki au maji ya ndimu, sugua mpaka uache kutoa povu, futa kwa spiriti, acha ikauke. Na sharti moja usilisahau: 14500 inafanana na AA kwa umbo lakini ikijaa ina volti 4.2. Usiitie kwenye tochi, redio au kipima joto kisichoandikwa kwamba kinaikubali. Utasikia harufu kabla hujaona mwanga.

Pale kwa muuzaji, kabla ya kulipa, kuna mambo ambayo dakika tano zinatosha. Iwashe uone inaanzia wapi. Ikianza na mwanga mkali kabla ya mdogo, zamu yako ya usiku imeharibika kila siku. Ukibonyeza kubadilisha mwanga ukapita kwenye kumetameta (kuwaka na kuzima upesi) kila mzunguko, irudishe. Hiyo ya kumetameta ifichwe mbali, kwa mfano nyuma ya mibonyezo mitatu ya haraka. Zima, washa tena: nyingine hukumbuka mwanga wa mwisho, nyingine hazikumbuki. Nikichagua mimi, ya kwako iwe ya kuanzia chini daima.

Weka kwenye mwanga mdogo, tandaza vidole mbele yake uvitikise upesi. Ukiona vidole vingi vilivyokatika-katika kama picha nyingi zimebandikwa, tochi inapunguza mwanga kwa kuuzima na kuuwasha mara nyingi kwa sekunde. Wengine haiwasumbui. Wewe unayetazama matone ya dripu itakusumbua, kwa sababu tone linalodondoka litaonekana kama limesimama au limegawanyika.

Halafu mulika kiganja chako. Hapa nakaa kidogo, maana kwa muuguzi hili linapita lumeni zote. Taa nyingi za bei rahisi zina mwanga wa samawati, kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 6500 na zaidi, na rangi nyekundu ndani yake ni haba. Ukiziwasha, kiganja kinakuwa cha kijivu, mishipa inazama, wekundu wa kidonda unafanana na weusi wa damu iliyokauka. Tafuta iliyoandikwa CRI (kipimo cha jinsi mwanga unavyoonyesha rangi halisi, mwisho wake 100) 90 au zaidi, kelvini 4000 hadi 5000. Kama haikuandikwa, fanya hivi: weka nyanya, pilipili nyekundu na kipande cha sufuria yenye kutu pamoja, mulika kwa tochi, kisha vitazame kwa mwanga wa mchana mlangoni. Nyanya ikibaki nyanya, sawa. Ikiwa rangi ya matofali, umejua. Taa zenye CRI kubwa hutoa lumeni pungufu kidogo kwa betri ileile, na mimi naona ni biashara nzuri.

Kifungue kifuniko cha mkiani ukifunge tena polepole. Hesi zisikwaruze. Ukirudisha nyuma robo mzunguko tochi isiwake kabisa: hiyo ndiyo kufuli yako ya kuizuia isijiwashe mkobani, na inafanya kazi tu kama hesi zimepakwa ile rangi ngumu isiyopitisha umeme. Zenye kitufe cha ubavuni hula betri kidogokidogo hata zikiwa zimezimwa, kwa hiyo kufuli hiyo inakuokoa mara mbili.

Kama ina tundu la USB-C, jaribu na waya za aina mbili. Nyingi za bei ndogo huchaji tu kwa waya wenye USB ya zamani upande wa chaja. Ukiweka waya wa C kwa C, kimya. Si tundu bovu. Wamebana pesa ya vipingamizi viwili vya kiloomu 5.1 vinavyoiambia chaja itoe umeme. Unaweza kuinunua hivyohivyo, mradi ujue usipoteze siku ukifikiri imekufa.

Ukifika nyumbani, fanya majaribio mawili tu. La kwanza la muda. Betri ijae, chumba kiwe giza, simamisha tochi kwa mkia imulike dari. Weka simu pembeni yenye programu ya kupima luksi, yaani mwanga unaofika pale ilipo, isisogezwe. Washa mwanga wa juu, andika namba kwa sekunde 30, dakika 1, 3, 5, 10, kisha kila dakika 15. Namba zenyewe hazina maana, uwiano wake ndio unao. Ikishuka mara moja ikakaa sawa, ina kidhibiti kizuri. Ikitelemka bila kusimama tangu dakika ya kwanza, haina kidhibiti, inafuata uchovu wa betri.

La pili la maji, na hapa wengi hukosea kwa kuitumbukiza ikiwa baridi. Toa betri, kunja kipande cha karatasi ya chooni ukisukume ndani kando ya ukuta, rudisha betri. Iwashe dakika 5 ipate moto, izime, kisha izamishe kwenye glasi ya maji baridi nusu saa. Hewa ya ndani ikipoa inajikunja na kuvuta maji kupita pete ya mpira, ndivyo mvua ya Bukavu inavyofanya ukiwa njiani. Tochi yenye alama ya IPX7, ya kuzuia maji, inatakiwa kuvumilia kina cha mita 1 kwa dakika 30, kwa hiyo glasi ni mzaha kwake. Karatasi ikitoka imelowa, angalia pete kama imekatika au imekauka. Ipake grisi ya silikoni, kiasi cha kung'aa tu. Vazelini huvimbisha baadhi ya mipira, na mafuta ya kupikia yanageuka gundi na kushika vumbi.

Mwambie muuzaji tangu mwanzo kwamba utairudisha ndani ya siku mbili ikishindwa, na akuandikie hivyo kwenye risiti. Kisha nitumie zile namba za luksi, hasa ya sekunde 30, ya dakika 3 na ya dakika 10, tuone kama ni ya kuweka au ya kurudisha. Nisalimie Amani na baba yake.

Wako wa Goma